Maksai Aliyegeuka Kunitafuta

Jumamosi iliyopita, mbele ya baba mkwe wangu na majirani wa Likuyani, maksai niliyemfunza mwenyewe aligeuka katikati ya shamba, akaburuta plau na maksai mwenzake wa nira, akaja kusimama mbele yangu.

Maksai huyo, Karani, hakupenda kazi. Akifungwa nira alikuwa analala chini. Baba mkwe alipotaka kumuuza kwa mchinjaji, nilimwomba aniachie mpaka msimu wa kupanda.

"Akilima, ni wako," alisema. "Akilala, ni nyama."

Sikumpiga hata fimbo moja. Kila asubuhi nilishika kamba nikatembea mbele, yeye akinifuata polepole akivuta gogo. Akisita, nilisimama naye nikamkuna shingo. Mwishowe alikuwa mpole kabisa, nami nikajisifu kila mahali, hata kanisani.

Jumamosi nilikataa mtu yeyote asishike kamba, ili sifa zote ziwe zangu. Nikaenda nyuma, nikashika plau. Sikufikiria kwamba Karani hakuwa amejifunza kulima. Alikuwa amejifunza kunifuata. Alitazama mbele, hakuniona, akaanza kunitafuta.

"Shemeji, mwanafunzi wako ana swali!" jirani mmoja aliita, na watu wakaangua kicheko.

Baba mkwe hakucheka. "Amelala?" aliniuliza.

"Hapana, baba."

"Amelima?"

"Bado, baba."

Akamtazama mchinjaji, aliyekuwa amesimama kwenye ua pamoja na wengine, kisha akaenda zake nyumbani. Mpaka leo hajaniambia kama Karani ni wangu au ni nyama.