Choo cha Mama Mkwe

Choo chetu kilizeeka mbele ya macho yangu nami nikijifanya sikioni. Mbao za sakafu zililegea, ukuta wa udongo ukainamia shamba la miwa, na mvua ikinyesha mke wangu aliwakataza watoto kuingia bila mtu mzima. Ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha shule ya msingi huko Uriri, na nilikuwa mtu wa maneno mengi kuliko kazi za mikono. Kila muhula nilisema nitachimba kingine likizo ikifika.

Aliyenitoa uvivuni ni mama mkwe. Alikuja kutoka Homa Bay na kidonda cha mguu kilichokataa kupona kwa sababu ya sukari. Kwake zahanati ilikuwa mbali, na kidonda kilitakiwa kuoshwa kila siku. Kwetu zahanati ilikuwa ng'ambo ya soko tu. Tulimtandikia kwenye nyumba ya jikoni, maana kwetu Wajaluo mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Wala hatumii choo kimoja naye.

Kwa hiyo alivuka barabara kwenda kwa jirani, akichechemea na fimbo yake. Baada ya siku chache nikaona kikombe chake cha chai kinarudi kimejaa.

"Mama anakataa maji ndio asiende choo," mke wangu akaniambia. "Mtu wa sukari, na anakataa maji."

Nilikasirika. Badala ya kuukasirikia uvivu wangu niliikasirikia mila. Nikamwambia shimo ni shimo tu, halijui nani ni mkwe wa nani.

Nikamleta mchimbaji. Nilitaka mashimo mawili, letu na lake, lakini la kwanza liligonga mwamba baada ya futi kumi, na la pili hata kiunoni halikufika. Tukabaki na choo kimoja kipya. Tulikijenga kwa mabati, sakafu ya saruji, mlango wenye komeo, nami nikatangaza mbele ya watoto kuwa ni cha nyanya yao mpaka apone. Sisi tutavumilia kile cha zamani. Tangu siku hiyo mama mkwe alimaliza chai yake. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, na muuguzi akasema tusimwondoe kabla hakijafunga. Nilijisifu sana, sikatai.

Asubuhi moja, mvua ikimwagika, niliingia choo cha zamani na ubao ukakatika. Mguu wangu wa kushoto ulizama hadi pajani. Nilijivuta nje nimechafuka, tumbo likinikata. Kwa jirani palikuwa mwendo wa dakika mbili. Nataja hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba palikuwa mbali. Nilikuwa na hasira, na hasira haikunipa nafasi ya kufikiri. Nikaingia choo kipya, nikafunga komeo.

Nilipofungua mlango, mama mkwe alikuwa amesimama nje kwenye mvua, ameegemea fimbo, leso kichwani. Alikuwa akingoja zamu yake, nadhani akidhani ndani kuna mjukuu. Tulitazamana. Kisha akageuza uso, akarudi jikoni polepole.

Ningeomba msamaha, lakini ningeuombaje? Mkwe hataji choo mbele ya mama mkwe. Kulitaja kosa langu kungekuwa kumvunjia heshima mara ya pili. Nilisimama barazani, mwalimu mzima, nikakosa sentensi moja ya kumwambia.

"Mama anasema amekumbuka kwake," mke wangu akaja kuniambia. "Anataka kuenda leo."

"Mwambie angoje kidonda kipone."

"Nimemwambia. Baba watoto, kwani ulishindwa kuenda kwa jirani?"

Aliondoka kabla ya saa sita. Aliniaga kwa upole, akanishukuru kwa kumtunza, macho yake yakiwa chini. Kule kwake kidonda kilioshwa siku ambayo mtu alipata nafasi ya kumpeleka. Kabla ya mavuno mguu ulikatwa chini ya goti.

Nilikaa miezi kadhaa bila kwenda kumwona. Niliogopa, hakuna neno jingine. Nilipofika hatimaye nilimkuta ameketi mkekani, leso imekunjwa vizuri pale mguu ulipokomea. Aliuliza habari za watoto, za shule, za mvua ya Uriri. Nilijibu yote, lakini lile moja lililonipeleka huko sikuligusa.

Jioni nilimnong'oneza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anionyeshe jirani ambaye ningeweza kujisaidia kwake. Akanipeleka nyuma ya ghala, kwenye choo kidogo cha udongo, kimefagiliwa, sakafu haina hata alama ya mguu.

"Hii ni yako," akasema. "Mama alituambia tuchimbe ile wiki alirudi kutoka kwako. Alisema mkwe wake akikuja asihangaike. Hakuna mtu ameruhusiwa kuingia."

Niliingia, nikavuta mlango. Haja ilikuwa imeniisha. Nililia nikiwa nimesimama, nimeuma mkono wa shati ili shemeji asinisikie.