Kibarua Asiyechoka

Msimu ule wa kakao, nyumba yetu pembeni mwa Beni ilinuka uchachu kama pombe ya ndizi, na harufu ikaingia mpaka kwenye sare yangu ya shule. Mbegu zilichachuka uani chini ya majani ya migomba, na mwenye kauli juu yazo alikuwa Kahindo, mwanamke wa Kipese, kule milimani, aliyeshuka kila mavuno kufanya kibarua kwetu. Aliuzamisha mkono hadi kiwiko ndani ya lundo, akafumba macho, kisha akasema zigeuzwe leo au zingoje kesho. Mama hakuthubutu kumbishia. Mimi, niseme ukweli, nilimpenda kuliko shangazi zangu wa damu.

Hata hivyo, nilipoandika mchezo wa kuigiza wa darasa la sita, nilimtia ndani kibarua wa Kipese anayechemsha mbegu za kakao akidhani ni maharagwe. Mizaha yetu kuhusu watu wa milimani ilikuwa ya namna hiyo, nami nilitaka sifa. Nikamsomea Kahindo, nikangoja acheke. Hakucheka.

"Masika, mu théâtre yako hata mbuzi iko na jina," akasema. "Mais mutu wa Kipese, hapana."

Niliona aibu, nikaogopa kwamba msimu ujao hatarudi. Nikaandika upya mbio mbio. Safari hii kibarua aliitwa Kahindo, alibeba magunia huku akiimba, hakulalamika hata mara moja. Nikampelekea kwa majivuno.

"Uyu naye hapana mimi!" Sasa alicheka mpaka machozi. "Mimi ninachokaka. Na mama yako ananikasirishaka."

"Na weye unanikasirishaka," Mama akajibu kutoka jikoni.

Toleo la tatu tuliliandika pamoja. Kahindo wa jukwaani alinuna, akanyoosha mgongo, akagombana na tajiri wake juu ya lundo, akashinda. Siku ya mchezo Kahindo alikaa benchi la mbele akionyesha jukwaani na kuwaambia majirani, "Njo mimi uyu!" Na msimu uliofuata alirudi.

Leo ninafundisha fasihi Butembo, na kazi yangu naipenda. Katika hadithi nilizosoma utotoni, vibarua wa mashamba walikuwa walevi na wajinga. Katika za siku hizi wamekuwa watakatifu, wanateseka bila kufungua mdomo. Mwanafunzi akiniletea mmoja wao, wa aina yoyote, simpi alama. Ninamwambia akamsomee kwanza kibarua mwenyewe, halafu anyamaze amsikilize.