Fundi Mapipa Aliyetolewa Ukumbini

Alois Dremmel alikuwa fundi mapipa wa kiwanda cha bia mtaani kwetu Brooklyn, na sauti yake ilijaza kiwanda kizima. Sisi tuliokaa naye jengo moja hatukuhitaji saa: akianza kuimba ngazini, ujue kazi imekwisha. Kisha serikali ikapiga marufuku pombe, kiwanda kikafungwa, na Alois akanyamaza. Mkewe Walburga aliniambia afadhali mumewe angegombana na watu kuliko kimya kile.

Akaja Bwana Fitch, meneja wa ukumbi wa maonyesho Manhattan, akampa kazi ya ajabu. Katika onyesho lake la nyimbo na vichekesho mlikuwa na wimbo wa kuiaga bia. Msichana aliuimba jukwaani amevaa nguo za msiba, amekumbatia pipa. Alois alitakiwa kukaa roshani ya juu, kwenye viti vya bei poa, amevaa koti zuri la kuazima, ajifanye mtazamaji tu, na kiitikio kikirudiwa ainuke kuimba kama mtu aliyeshindwa kujizuia. Kumbi nyingi zilikuwa na mtu wa namna hiyo. Akianza yeye, wengine hufuata, na wimbo huvuma mjini kote.

Ila hawakufuata. Wa viti ghali vya chini walicheka, wa roshani ya juu wakakunja mikono. Fitch akasema roshani isipoimba Jumatano mchana, wimbo unakatwa na Alois aende zake. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia Alois.

"Shemeji, hilo koti la kuazima linakuumbua. Wale wa juu wamekosa kazi kama wewe, halafu wanaona bwana mkubwa anawacheka."

Jumatano akaja na nguo zake za kiwandani, na aproni ya ngozi juu yake, inanuka bia ya zamani. Mimi na Walburga tulikaa nyuma yake. Kiitikio kiliporudiwa, akasimama.

"Lala pipa langu, lala salama,
povu lako nitaliota..."

Safari hii hakuigiza chochote. Sauti ile ya ngazini ilitoka yote, na nywele zikanisimama. Kumbe mlangoni palikuwa na bawabu mpya, na hakuna aliyekumbuka kumwambia habari za Alois. Alipoinusa ile aproni alikuja mbio.

"Mzee, umelewa. Twende nje."

"Nimelewa nini, mwanangu? Nchi nzima imekauka."

Roshani ikaangua kicheko. Bawabu akamkamata ukosi na kumburuta, naye Alois akaendelea kuimba huku anarudi kinyumenyume, hadi mlango ukafungwa na kumkatia mstari katikati.

Mwanamke mmoja mnene mbele yetu akaumalizia ule mstari. Jirani yake akadakia. Mara roshani yote ikawa inaimba na kupiga miguu sakafuni, wa chini wakageuka kututazama, kisha nao wakaimba. Nililia, wala sioni haya kusema.

Tulimkuta Alois amekaa kando ya barabara, aproni imepinda, uso umemshuka.

"Nimeharibu, Wally," alimwambia mkewe. "Kazi ndiyo hiyo imekwenda."

Walburga alirudi akausukuma mlango wa ukumbi ukawa wazi kabisa, na wimbo wake ukamfikia pale alipokaa, mamia ya watu wakiuimba. Alois akavua kofia.

Fitch naye akatokea, anahema. "Dremmel, kesho utaweza kutolewa nje tena? Na keshokutwa? Kila onyesho?"

Alois akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Kiwandani walinitoa mara moja tu," alisema, "na hakuna aliyeniimbia."

Akajifuta macho kwa aproni, akamshika Walburga mkono, wakaingia ndani wakiimba.