Vyumba Vitano Vitupu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nikiwajibu, kwanza hucheka. "Unatunga chemsha bongo? Ile ya kwenye gazeti, ya kujaza maneno? Hiyo nayo kazi?" Ndiyo, ni kazi, na haihitaji ruhusa yako. Nakaa, nachora miraba, napanga maneno ya mlalo na ya wima mpaka yashikane, halafu kila neno nalitungia swali lake. Nimeifanya miaka mingi katika gazeti dogo lenye ofisi ghorofani, katikati ya mji, juu ya duka la masinki na mabomba. Sikuisomea popote. Nilifundishwa na fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa baba yangu. Alishona Kariakoo, kwenye baraza ya nyumba tuliyopanga, tangu yeye na mama walipotoka Lindi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la kanga la mzee mmoja wa Kiarabu, mimi nikimwita Ami. Gazeti alilinunua Ami. Alisoma siasa, akasoma matangazo ya vifo, kisha saa nne asubuhi akavuka barabara na birika la kahawa mkononi, gazeti kwapani, akaja kwa baba. Sijawahi kuona siku wameiacha desturi hiyo, labda siku ya Idi. Baba siasa hakuzijali. Alikwenda moja kwa moja kwenye chemsha bongo, akatoa penseli sikioni. Gazeti lililobaki alilikatia vipimo vya nguo, leo kola, kesho mkono wa shati, lakini ukurasa ule hakuutia mkasi. Aliukunja na kuuweka kwenye droo ya cherehani.

Nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda kando yake, nikamsomea maswali huku miguu yake ikiendesha cherehani. Miraba aliiita vyumba. "Kila chumba na mpangaji wake," alikuwa akisema, "usipangishe wawili." Siku moja nikamsomea: kinyume cha furaha, herufi sita. Nikadakia mwenyewe, "Majonzi!"

"Hesabu, mama." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Nikahesabu kwa vidole. Saba.

"Majonzi hayaenei humo. Weka huzuni, ni ndogo kidogo."

Akacheka mpaka uzi ukakatika. Alikuwa na sharti moja tu: chumba hakiachwi kitupu. Neno likimshinda atamwuliza Ami, atamwuliza mteja aliyesimama kupimwa kiuno, atamsimamisha hata mbeba mizigo. "Kaka, mnyama wa porini, herufi saba, inaanza na K?" Na kaka wa watu, gunia limemkalia shingoni, anajibu, "Mzee, hebu nipishe, nitakuangushia!" Baba anageuka kwangu: "Naye hajui." Mara moja tulikata ukurasa tukautuma gazetini, jina letu likaokotwa, tukapewa mwavuli. Mama aliutumia mwavuli ule mpaka ukabaki vyuma.

Mama alifariki nikiwa nimeshaanza kazi gazetini. Arobaini yake ilipita, na wiki ileile baba akaoa. Mimi nina mdomo, sikatai. Kuna watu wakiumia hulia, mimi nikiumia natukana. Nilikwenda Kariakoo adhuhuri, baraza imejaa wateja wa nguo za Idi, sikusalimia mtu. Nikampa vidonge vyake palepale: "Godoro la mama halijapoa, umeshamlaza mwingine! Huna haya?"

Cherehani ikasimama. Wateja wakaangalia chini. Ami alikuwa amekaa na kikombe chake, nikamsikia anasema, "Astaghfirullah." Baba alinyanyuka polepole, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akasema kwa sauti ambayo hata wa mwisho barazani aliisikia: "Toka kwangu. Na radhi zangu usizitegemee."

Labda kuna watu neno hilo haliwatishi. Kwetu linatisha. Mtu mwenye radhi za wazazi hata akilala njaa analala na usingizi. Asiye nazo, kila jiwe analojikwaa anajiuliza kama ndilo hilo. Nilijifanya sijali. Nilirudi chumbani kwangu Buguruni, nikapika, nikala, nikafua, kisha nikakaa juu ya ndoo nikalia kama mtoto.

Mama mdogo, huyo mke mpya wa baba, hakuwa na kosa, hilo nilikuja kulijua nimeshachelewa. Alikuwa mjane, mwenzake baba wa huzuni, basi. Lakini wakati ule sikutaka kujua. Nilikuwa nasubiri baba aniite. Naye, nadhani, alisubiri niende. Mzazi hamfuati mtoto aliyemvunjia heshima, kila mtu analijua hilo, na mimi nililijua vizuri kuliko wote. Ikapita miaka minne.

Ila saa nne asubuhi nilijua yuko wapi na ana nini mkononi. Na mimi ndiye niliyeitengeneza ile chemsha bongo. Kwa hiyo nikaanza kumsemesha humo. Gazeti halikuandika jina la mtungaji, lakini nilijua atanitambua. *Idi ikikaribia halali*, herufi tano: fundi. *Hulala tunduni mwake, akitoka ni aibu*, herufi saba: kifungo. Siku moja niliuliza, *kofia ya kidole*, herufi sita. Jibu lilikuwa subana, kile kichuma anachovaa fundi kidoleni ili sindano isimchome. Wasomaji walipiga simu kulalamika. Bosi akaniita: "Subana ndiyo nini? Nani anaijua?"

"Anaijua anayeijua," nikamjibu. Nusura anifukuze.

Nilikuwa nikipita mtaa wa nyuma kumchungulia. Ilikuwa rahisi, Kariakoo kuna watu wa kutosha kujificha nyuma yao. Nilisimama kwenye kona, kwa wauza mabeseni, nikamwona ameinama juu ya gazeti, Ami kando yake, midomo inacheza. Nikishamwona naondoka na moyo mwepesi kidogo. Sasa mwaka huo wa nne nikamwona siku moja amevaa shati ambalo kola yake ingeingia shingo mbili. Baba yangu! Mtu asiyeweza kuona shati la mgeni linapwaya asimvue alipunguze. Alikuwa amekonda na hakuwa ameligusa shati lake. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Niliogopa sana. Ningevuka barabara pale, mambo yangeisha. Hatua kumi na tano, hazizidi. Sikuvuka. Kiburi kilinishika miguu, na aibu pia, maana ningemwambia nini mbele ya wateja walewale?

Nikarudi ofisini nikatunga swali. Namba saba, wima: *Hata Kariakoo haiuzwi. Mtoto huiomba, mzazi huitoa.* Herufi tano.

Wasomaji wetu hujaza, hukata ukurasa na kuuleta kwenye sanduku lililo chini ya ngazi, au huutuma kwa posta. Kila wiki tunaokota mshindi mmoja. Nikajiambia, baba analijua sanduku, mwavuli uliwahi kutoka humo. Akinisamehe atajaza, atakata, atatuma. Hata jina asiandike, mwandiko wake naujua, R yake ina mguu mrefu unaoingia chumba cha chini. Kila asubuhi nilishuka kufungua sanduku kabla ya mhudumu. Kurasa zilikuja, wiki hiyo zilikuwa nyingi. RADHI, RADHI, RADHI. Za wino wa bluu, za wino mwekundu, moja ina doa la chai. Watu nisiowajua wote walinijazia radhi, baba yangu hapana.

Wiki mbili nikasubiri. Ya tatu nikapandwa na hasira. "Haya, kaa nazo!" nilisema kwa sauti, peke yangu kwenye ngazi, mhudumu akanishangaa. Tangu siku hiyo nikaacha kumsemesha. Nikaweka miji mikuu, mito, majina ya sayari. Maswali makavu kabisa. Kona ya wauza mabeseni, ambayo sikuikanyaga tangu nilipotunga swali lile, nayo nikaihama kabisa. Hasira hasara, mama alikuwa akiniambia, nami nikimwambia asinichoshe.

Wiki tisa baada ya swali lile, Jumamosi asubuhi, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo, hatukuwahi kuongea. "Mwanangu," alisema, "baba ametutoka. Baada ya sala ya alfajiri. Njoo."

Nilifika wameshamkafini, yumo ndani ya sanda. Shangazi akanifunulia uso. Nilipiga magoti pale nikasema, "Baba, niwie radhi," nikasema tena, na tena, mpaka wakanishika mabega wakaniondoa kwa sababu wanaume walikuwa wanasubiri kuchukua jeneza. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Nilibaki mlangoni nikasikia sauti za dua zikienda, zikapinda kona, kisha wenye mikokoteni wakaendelea kupiga kelele zao.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Ami alivuka barabara. Ilikuwa saa nne. Hakuja na birika, alikuja na furushi la magazeti lililofungwa kwa ukingo wa kitambaa, fundo la baba. "Shikamoo Ami," nikasema, nikashindwa kumtazama.

"Marahaba, binti yangu. Hizi aliniwekea mimi. Alisema akitangulia, zisije zikafungiwa maandazi."

Nilifungua palepale barazani. Kurasa zangu zote, za miaka minne. FUNDI ilikuwa imejazwa. KIFUNGO imejazwa. Pembeni ya SUBANA alikuwa ameandika kwa penseli: *mama huyu!* Nikacheka na kulia kwa pamoja, mama mdogo akanisogezea upande wa kanga nijifute. Ndipo nikaifikia ile. Vyumba vyote vilikuwa na wapangaji, isipokuwa namba saba wima; hata maneno ya mlalo yanayoikatiza aliyajaza akairuka herufi ya makutano. Vitano, vitupu. Baba ambaye hakuacha hata kimoja!

"Hili lilimshinda?" nikauliza. Moyoni nilikuwa nikiomba aseme ndiyo.

"Limshinde?" Ami alinitazama kama aliyekasirika. "Alilijua kabla hajamaliza kulisoma. Aliweka gazeti kwenye paja akaniambia, 'Jirani, mwanangu anaomba radhi.' Machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Nikamwambia, jaza basi tumpelekee, hata mimi nitalipeleka. Akakataa."

"Alikataa kunisamehe?"

"Alikataa kujaza. Alisema, 'Hili halijazwi kwa penseli. Radhi hutolewa kwa mkono juu ya kichwa na maji ya kunywa, mtu na mzazi wake. Aliyeomba kwa gazeti atakuja kwa miguu.' Akamwambia mkewe atoe kigoda chako stoo."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Alisema kila asubuhi alikifuta vumbi na kukiweka kando ya cherehani, na kikombe cha maji kilichofunikwa kisahani. Jioni anamwaga maji kwenye mchicha wake, anarudisha kigoda ndani. Wiki tisa. Siku za mwisho baba hakuweza kukaa muda mrefu, lakini alitaka atolewe barazani saa nne. Alikuwa akisema, 'Saa nyingine hatazijua, hiyo ataijua.'

"Ami, mbona hukuniita?" Nilipiga kelele, bado nilikuwa na mdomo. "Ofisi unaijua! Mtu mzima unaona hivi, unanyamaza?"

"Alinikataza. Alisema akiitwa, atakuwa amekuja kwa kuitwa." Mzee wa watu akapangusa macho kwa kofia. "Nilikosea. Ningevunja neno lake, nikaja. Kila siku najiambia hivyo."

Nikamwuliza swali moja tu lililobaki. Kama baba, kabla ya kufa, alitamka. Kama kuna siku alisema kwa mdomo wake, nimempa. Nilimwangalia usoni ili asinidanganye, na laiti angenidanganya.

"Sijamsikia," alisema. "Alikuwa akisema nitampa akija."

Kigoda kilikuwa pale, kando ya cherehani. Nikakaa. Mama mdogo akaleta maji bila kuambiwa, nikanywa, kwa kuwa alikuwa ameyaleta. Ami alinyanyua mkono akitaka kuniwekea kichwani, kisha akaurudisha mapajani. "Mimi si baba yako," alisema. "Cha kwake siwezi kukupa."

Penseli ya baba ilikuwa ndani ya furushi. Mama mdogo alisema nijaze, roho ipoe. Sikujaza, na ukurasa ninao chumbani kwangu mpaka leo. Siku hizi kila Jumamosi nakwenda kumsalimu mama mdogo, na nakwenda kwa miguu. Kutoka Buguruni mpaka baraza ile haifiki hata saa moja.