Ng'ina Moraa Atafutwe kwa Jina Lake

Nakumbuka asubuhi moja mjini Kisii, mwanangu, nikiwa bado na nywele zote kichwani na miguu isiyojua kutulia. Bwana Omariba, mwenye studio ya kurekodi kwaya, alikuwa ameniajiri nimtengenezee ukurasa wa kutafutia nyimbo kwa simu. Ukurasa ulipendeza. Ila lebo za nyimbo alizichagua yeye: Kwaya ya Nne, Sauti ya Pili. Nani hutafuta wimbo hivyo?

Akaingia Moraa kutoka Masimba. Kesho yake wangemzika mama yake, naye alitaka jeneza litolewe nyumbani kwa sauti ya mama mwenyewe, wimbo aliowahi kurekodi hapo na kwaya yao.

"Nimeandika Ng'ina Moraa, simu inasema hakuna," alilalamika. "Na kijiji kizima hakimjui kwa jina lingine!"

Unajua kwetu: mwanamke akishapata kifungua mimba, huitwa ng'ina, yaani mama, wa mtoto huyo hadi kaburini.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akajibu Bwana Omariba. "Watu watazoea lebo zetu."

"Mvungu tumeujenga sisi, mzee," nikamwambia. "Moraa ameinama vya kutosha. Tuinue kitanda."

Nikaketi na Moraa, tukasikiliza wimbo baada ya wimbo, mpaka akanishika mkono. "Ni yeye!" Nikaandika lebo hapo hapo: Ng'ina Moraa. Masimba. Kuaga marehemu.

"Futa hiyo takataka," akaamuru Bwana Omariba.

"Sifuti."

"Basi hapa huna kazi."

"Kazi nitapata nyingine. Moraa hapati mama mwingine."

Kesho yake nilikuwa Masimba. Fundi wa spika akihangaika na nyaya, wajukuu walikwisha kuandika jina la nyanya yao, na sauti yake ikatoka katika simu kila upande wa boma. Nasikia Bwana Omariba aliifuta lebo yangu baadaye. Alichelewa; mama alikuwa ameshaagwa.

Tangu hapo nimezunguka, Keroka na mbali zaidi, nikitengeneza kurasa za watu. Ugomvi ni ule ule, nami siuachi.

Kwa hiyo, mwanangu unayepanga skrini leo, kabla ya kuchagua rangi muulize anayetafuta: kitu hiki nyumbani mnakiitaje? Jina hilo ndilo lebo. Akipotea katika ukurasa wako, usimcheke, rekebisha ukurasa. Na mkubwa akikuamuru ufute, simama.

Mungu akupe masikio mapana na shingo ngumu. Na siku wanaokupenda watakapokutafuta, wakupate kwa jina walilokuita.