Skrini ya Mkurugenzi

Mtaani wanamwita Mkurugenzi, ingawa anauza rangi za kuta dukani kwa shemeji yake. Jumamosi alipeleka gari lake kwa fundi redio afungiwe skrini kubwa kama dirisha la choo. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba kesho yake angempeleka kwao, kwa mama yake mgonjwa.

Fundi alifungua dashibodi, akakuta nyuma yake chuma kinene kilichokatiza kutoka ubavu mmoja wa gari hadi wa pili.

"Bosi, skrini haiingii. Chuma hiki kinazuia."

"Kitoe."

"Ndicho kinachoshika usukani."

"Nimeendesha miaka yote hii bila hata kukiona. Kitoe, bwana!"

Chuma kilitoka, skrini ikaingia, usukani ukalala mapajani mwa mwenye gari kama mtoto aliyeshiba. Gari lilisukumwa hadi nyumbani. Majirani walikuja kutazama, na wote walikubali kwamba picha ni safi.

Asubuhi mkewe alitoka na kikapu. "Mume wangu, twende?"

"Ingia kwanza uone ramani. Inaonyesha njia yote mpaka mlangoni kwa mama."

Mke aliitazama ramani, akautazama usukani, akaenda kupanda basi.

Mchana, Mkurugenzi akiwa bado ndani ya gari, simu ya mkewe iliingia kupitia skrini, sauti ikajaa ua mzima. "Nimefika. Mama anauliza, gari liko wapi?"

Majirani walisogea karibu kusikiliza.

"Mwambie liko salama," alisema Mkurugenzi, akaongeza mwangaza wa skrini.