Siku Nilipomtangaza Mjomba Kule Wamaza

Nianze na upuuzi wangu. Mama aliniambia nimpigie Bibi simu Wamaza, nimweleze kwa adabu kwamba mjomba, kaka yake Mama na avoka wetu wa Ulaya, anakuja kuomba msamaha. Mimi nikasema tu: "Bibi, tunakuletea avoka moja kubwa ya Ulaya." Kwetu avoka ni mtu wa kusemea watu mahakamani; avoka pia ni tunda, parachichi. Nilijua Bibi atachagua tunda.

Asubuhi mimi na mjomba tulitoka Kasongo kwa pikipiki mbili. Mama alibaki na mdogo wangu mwenye homa. Kila tuliposhuka kusukuma kwenye matope, mjomba alinihadithia: alivyofika Ubelgiji bila karatasi, akaosha sahani huku akisoma sheria, akasemea wageni wenzake mpaka mji ukamchagua kuwa konseye, diwani wake. Wiki ile ya kura ndipo baba yake alipozikwa. Hakuja. Tangu hapo Bibi hapokei simu yake.

Kabambare tulikula mihogo.

Wamaza, saa tisa. Bibi alikuwa ameketi na majirani wawili, kisu na chumvi tayari. Akauliza avoka iko wapi. Mjomba akavua kofia ya pikipiki.

"Mama, ni mie."

Majirani walicheka. Bibi alimkaribia, akamminya shavu kama yuko sokoni.

"Iko ngumu bado," akasema.

Mjomba akaanza kujitetea kama yuko mahakamani: kwanza hivi, pili vile. Bibi akamkata: "Hapa hapana tribinali. Baba yako iko nyuma ya nyumba."

Kwa Bibi, aliyekosa maziko hali chakula chake kabla hajasafisha kaburi kwa mikono yake. Konseye mzima akapiga magoti, akang'oa majani mpaka kucha zikajaa udongo. Nilikuwa na utani tayari, nikauacha. Baadaye Bibi akaleta maji, akamnawisha kidole kwa kidole, akamwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Ndipo bugali na sombe ya majani ya muhogo vikatoka.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kusemea mji mzima, akashindwa kujisemea mbele ya mama yake.

Kasongo, Mama aliuliza kwanza kama kaka yake alikula. Nikasema alikula, akaongezewa. Kisha nikaungama jinsi nilivyomtangaza. Alikaa chini, akafungua kitambaa cha kichwa, akasema:

"Miaka hii yote mie niko namusemea kwa mama, na kila mara nashindwa. Kumbe ilifaa nitume mupumbavu."